Kisu cha babu wa Bombo: cha skauti au cha keya, na cha mwaka gani?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Bombo ameniletea picha saba na kuniandikia hivi:

“Mzee, habari za Jinja? Baba alipofariki tulifungua sanduku lake la bati tukakuta kisu cha kukunja alichoachiwa na babu. Kikifungwa kina urefu wa sentimita 9 na nusu hivi. Mpini ni mweusi, una miraba midogo midogo, na kuna pete ya kukining'inizia. Kina ubapa mmoja mkubwa, kifungua kopo, na msumari mnene mgongoni. Kwenye mpini kuna kibati chenye lile ua la skauti na maneno BE PREPARED. Juu ya chuma mtu ameandika 1915. Baba mdogo anasema hicho ni kisu cha skauti wa kwanza wa Uganda, cha mwaka huo huo. Mjomba anasema babu alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), hicho ni kisu cha jeshi. Babu alizaliwa mwaka 1928, akasoma, akaingia jeshini vita vilipokwisha. Kuna bwana wa Kampala ameahidi shilingi 200,000. Ni cha mwaka gani, na nikisafishe vipi kabla sijaamua?”

Mwalimu, pole kwa msiba. Nianze na jibu, maana najua kuna wazee wawili wanakusubiri sebuleni. Kisu ni cha skauti, kimetengenezwa Sheffield, Uingereza, na si cha mwaka 1915. Kilitoka kiwandani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na hakiendi mbele sana ya mwaka 1952. Mimi mwenyewe naelekea miaka ya 1930, au ile michache iliyofuata Vita vya Pili. Baba mdogo amepata nusu, mjomba amepata robo. Sasa nikuonyeshe nimefikaje hapo, ili ukiwaambia wasiseme umeokota maneno kwa fundi wa Jinja.

Kisu hakina cheti cha kuzaliwa. Kina vitu vidogo vingi, na kila kimoja kina miaka yake: kimoja hakikuwepo kabla ya mwaka fulani, kingine kiliachwa mwaka fulani. Watu wengi huokota alama iliyo kongwe kuliko zote wakakipa kisu kizima umri huo. Fanya kinyume. Tafuta kilicho kipya kuliko vyote, kwa sababu kisu hakiwezi kukizidi hicho umri. Ukioneshwa picha ya babu yako amekaa mezani na kando ya kikombe kuna simu ya mkononi, huna haja ya kubishana kama picha ni ya mwaka 1960. Simu imeshamaliza kesi.

Kwenye kisu chako, simu ya mkononi ni neno STAINLESS. Nitalifikia. Kwanza tuiondoe hiyo 1915 inayowagombanisha wazee.

Nimeikuza ile picha yako ya tatu mpaka namba zikajaa kioo. Chapa ya kiwandani hupigwa kwa muhuri wa chuma kigumu, kwa pigo moja, kabla chuma cha kisu hakijakazwa kwa moto. Kwa hiyo herufi zake zina kina kimoja, pembe zake zimenyooka, na 1 ya kwanza ni pacha wa 1 ya pili. Namba zako haziko hivyo. 1 ya kwanza imeinama, ya pili imesimama. Tumbo la 9 halina mviringo, limejengwa kwa mistari mitatu iliyonyooka, kwa sababu ncha ya msumari haikubali kupinda juu ya chuma. Mkia wa 5 umeteleza ukakimbia mpaka ukingoni. Halafu utazame ule mstari wa juu wa 5: umepita juu ya kovu la zamani, pale ambapo kisu kiliwahi kuangukia jiwe au sakafu. Kovu lilikuwepo kabla ya namba. Maana yake, aliyeandika 1915 aliandika juu ya kisu ambacho tayari kilikuwa kimetumika na kuumia.

Kwa nini 1915? Ni kweli kwamba uskauti uliingia Uganda mwaka 1915, na skauti wa hapa huutaja mwaka huo kwa fahari. Baba mdogo ameona namba, amekumbuka historia, akaunganisha. Simlaumu. Lakini namba nne juu ya chuma si lazima ziwe mwaka. Watu wameandika nambari zao za shule, za bweni, za jeshi, hata bei ya ng'ombe.

Sasa chapa yenyewe. Fungua ubapa mkubwa na utazame kile kipande kifupi kisicho na makali, pale ubapa unapoingia kwenye mpini. Mimi hukiita shingo ya kisu. Ukinipa nafasi ya kutazama mahali pamoja tu kwenye kisu cha zamani, nitatazama hapo. Picha yako inaonyesha ...EPH RODGERS & SONS, chini yake CUTLERS TO HIS MAJESTY, kisha SHEFFIELD ENGLAND. Herufi za mwanzo zimelika, lakini hapana shaka ni Joseph Rodgers, moja ya nyumba kongwe za visu Sheffield. Nasema hapana shaka kwa sababu ya vile vialama viwili vidogo ulivyodhani ni uchafu: nyota na msalaba. Hiyo ndiyo alama yao ya tangu zamani. Itafute siku zote, kwa maana jina Rodgers liliibwa na kuigwa kuliko unavyodhani. Kulikuwa na William Rodgers, aliyepigia visu vyake maneno I CUT MY WAY, na huyo naye alitengeneza visu vingi vya skauti, vizuri tu, ila ni nyumba nyingine. Kulikuwa pia na walioondoa herufi D katikati wakauza “Rogers” kwa wateja wasiosoma kwa makini. Sisi tuliozoea kununua betri na wembe sokoni tunaujua mchezo huo.

Neno ENGLAND lenyewe lina historia. Mwaka 1890 Marekani ilitunga sheria ya ushuru iliyotaka bidhaa kutoka nje ziandikwe jina la nchi zilikotoka, nayo ikaanza kufanya kazi mwaka 1891. Uingereza ilikuwa imetangulia na sheria yake ya mwaka 1887, hasa kwa sababu visu vya Ujerumani vilikuwa vinauzwa kwa majina yanayofanana na ya Sheffield. Tangu hapo ukiona SHEFFIELD peke yake, fikiria karne ya 19, na ukiona SHEFFIELD ENGLAND, fikiria miaka ya 1890 kuja mbele. Kwako hilo halisaidii sana, maana kisu cha skauti hakiwezi kuwa cha kabla ya skauti wenyewe, na kambi ya kwanza ya Baden-Powell, mwanzilishi wao, kule kisiwa cha Brownsea ilikuwa mwaka 1907.

HIS MAJESTY ndiyo yenye utamu. Joseph Rodgers walikuwa na heshima ya kuwa wauza visu wa ufalme, na chapa yao ilifuata aliyekalia kiti. Enzi za Victoria ilikuwa HER, maana ni malkia. Alipokufa Januari 1901 ikaja HIS, na HIS iliendelea kwa Edward wa Saba, kwa George wa Tano kuanzia 1910, mpaka George wa Sita. Ukikuta taji lenye herufi pembeni, V na R ni Victoria, E na R kwa kisu cha zamani hivi ni Edward, G na R ni mmoja wa hao akina George. Mfalme George wa Sita alikufa tarehe 6 Februari 1952 wakati binti yake yuko Kenya. Elizabeth alirushwa kutoka Nanyuki mpaka Entebbe, na ni hapo Entebbe alipopanda ndege ya kumrudisha London akiwa malkia. Napenda kuwaambia wateja kwamba chapa ya HIS MAJESTY ilifia uwanja wetu wa ndege. Ni utani, lakini unasaidia kukumbuka mwaka. Ongeza mwaka mmoja au miwili ya tahadhari, kwa kuwa hakuna kiwanda kinachotupa muhuri mzuri na mzigo uliopo ghalani siku ya msiba.

Kwa hiyo mlango wa mbele tumeufunga: 1952 na kidogo. Mlango wa nyuma unafungwa na neno STAINLESS lililopigwa hapo hapo shingoni, yaani chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho kilipatikana pale pale Sheffield mwaka 1913, kwa Harry Brearley, aliyekuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Alichanganya kromu kwenye chuma akaona hakiliwi na asidi. Wakubwa zake hawakuona faida ya kukifanya visu. Aliyemsaidia alikuwa msimamizi wa karakana ya visu aitwaye Ernest Stuart, na neno hilo “stainless” linahesabiwa kuwa lake. Kisha vita vikaja mwaka 1914, chuma cha kromu kikachukuliwa kwa mahitaji ya vita, na visu vya namna hiyo vilisambaa kwa watu wa kawaida baada ya vita kwisha mwaka 1918. Tena vilianza na visu vya mezani. Vya mfukoni vilifuata polepole, kwani mafundi wenyewe walilalamika kwamba chuma kipya ni kigumu kukinoa na hakishiki makali kama kile cha zamani. Wazee wa hapa Jinja bado wanasema hivyo hivyo.

Basi kisu chenye STAINLESS shingoni, mkononi mwa skauti wa Uganda mwaka 1915? Haiwezekani.

Kibati cha mpini nimekitazama kwa wasiwasi kwanza. Siku hizi kuna watu wanachukua kisu cha kawaida cha zamani, wanachimba kishimo, wanabandika kibati cha skauti, bei inapanda. Chako kimekaa sawa: ukingo wake umelingana na mpini, miraba imekatwa kukizunguka na haikupasuka, hakuna gundi iliyotoka pembeni, na ua limelika pale pale ambapo kidole gumba hushika. Uchakavu wa kweli hufuata mkono. Wa kughushi huenea kila mahali sawasawa, kama mtu aliyejipaka vumbi ili aonekane ametoka shamba. Ungekuwa na maneno BOY SCOUTS ningekuongezea ushahidi mwingine, kwa sababu chama cha Uingereza kiliondoa neno “Boy” kwenye jina lake mwaka 1967, lakini chako kina wito tu, ule wa kuwa tayari, na wito haujabadilika.

Sasa mjomba, maana simdharau. Ameuona ule msumari mnene akasema jeshi, na ana sababu. Jeshi la Uingereza liliwapa askari wake kisu cha kukunja chenye sura hiyo hiyo: mpini mweusi wa miraba, pete, kifungua kopo, msumari. Askari wa keya walipigana Abyssinia mwaka 1941, Madagascar mwaka 1942, na Burma mwaka 1944 na 1945, na visu vya namna hiyo bado vinaletwa kwangu kutoka Bombo, Arua, Gulu, hata Masindi. Vya skauti vilifuata umbo hilo kwa sababu kazi ni ile ile: kamba, makopo, kuni. Msumari, kwa taarifa ya kila anayebishana nami, ni wa kufungulia mafundo yaliyokaza na kupenyezea kamba wakati wa kuisuka. Umetoka kwa mabaharia. Hadithi kwamba ni wa kutoa mawe kwenye kwato za farasi nimeisikia kwa Waingereza pia, na bado ni hadithi.

Kuvitofautisha ni rahisi ukishajua. Kisu cha jeshi hupigwa alama ya mshale mpana, mistari mitatu inayokutana juu. Hapa kwetu tunaiita mguu wa kuku, na ukishaiona mara moja hutaisahau. Huo ni muhuri wa mali ya serikali ya Uingereza. Mara nyingi kando yake kuna mwaka uliopigwa kwa muhuri, si kukwaruzwa: 1940, 1942, 1944. Ubapa wake kwa kawaida una ncha butu, mgongo umeshuka kukutana na makali, ili askari asimchome mwenzake kwenye lori. Wako una ncha kali katikati kama jani la muhogo. Hauna mguu wa kuku popote kwenye picha zako saba. Mjomba ana haki ya kusema babu alikuwa keya. Kisu hiki hakikutoka keya.

Ukiniuliza kwa nini nimesema miaka ya 1930 au mwishoni mwa 1940 na si 1920, nitakuambia ni uzito wa mambo madogo, na hapa siapi. Babu aliyezaliwa mwaka 1928 angekuwa na umri wa skauti kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930. Wakati wa vita, viwanda vya Sheffield vilikuwa vinahudumia jeshi, kwa hiyo kisu kipya cha mvulana kilikuwa adimu. Inabaki kabla au baada. Bila shaka kisu kinaweza kuwa kikubwa kuliko mtu: alikipata kwa mwalimu, kwa padri, kwenye duka la Mhindi lililokuwa na mzigo wa zamani. Kisu kinatoa umri wake mwenyewe. Umri wa siku kilipoingia mfukoni mwa babu, huo mtauliza nyumbani.

Kuna jambo moja la Sheffield ambalo fundi yeyote aliyewahi kupita Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, atalielewa haraka. Visu vingi vilivyobeba jina la nyumba kubwa vilipitia mikono ya mafundi wadogo waliokodi benchi na jiwe la kunolea, mmoja anafua, mwingine ananoa, mwingine anaunga mpini, kila mtu kona yake. Jina kubwa lilipigwa shingoni, kazi ikafanywa vichochoroni. Ndiyo maana visu viwili vya nyumba moja, vya mwaka mmoja, vinaweza kutofautiana kidogo miraba, unene wa pete, hata idadi ya riveti. Mtu akikuambia chako ni bandia kwa sababu hakifanani na kile alichokiona kwenye picha, usitetemeke.

Mpini unanisumbua kidogo. Kwenye picha umejivuta, umeacha mwanya kati yake na kofia ya chuma. Pembe ya nyati wa India hufanya hivyo ikikauka miaka mingi, na plastiki za mwanzo hufanya hivyo pia. Weka tochi ya simu nyuma ya ukingo mwembamba kabisa gizani. Pembe itapitisha mwanga kidogo wa rangi ya chai nzito na utaona mistari kama ya ukucha. Plastiki nyeusi haitapitisha kitu. Mpini wa mfupa ungeonyesha vitobo vidogo sana kama ncha za sindano, ila mfupa ni nadra kuwa mweusi hivi. Watakuja vijana wakuambie uchome sindano ya moto unuse kama inanuka nywele zilizoungua. Usikubali. Moja ya plastiki za zamani, seluloidi, inashika moto kwa kasi ya kutisha, na hata isiposhika umeshaacha tundu kwenye urithi wa baba yako.

Kwa kuwa wengine watasoma jibu hili wakiwa na visu vya namna nyingine mkononi, niseme kidogo. Kisu rasmi cha skauti wa Marekani hakina msumari mnene. Kina ubapa, kifungua kopo, bisibisi inayofungua pia chupa, na kitoboleo cha ngozi kama msharasi wa fundi viatu. Cha kwanza kilitoka New York Knife Company kuanzia mwaka 1911, na kampuni hiyo ilifunga mwaka 1931, kwa hiyo chapa yake ni dirisha jembamba na zuri. Remington walitengeneza visu kati ya mwaka 1920 na 1940. Camillus na Ulster waliendelea miaka mingi, na hapo utazame mpini: mfupa huelekea kuwa wa zamani, plastiki laini iliyotengenezwa ifanane na mfupa huelekea kuwa ya baadaye. Kisu cha Uswisi chenye VICTORIA peke yake kinaanza mwaka 1909, mwanzilishi alipokipa kiwanda jina la mama yake aliyefariki, na VICTORINOX inaanza baada ya mwaka 1921, walipoongeza “inox”, chuma kisichoshika kutu. Cha Ujerumani chenye SOLINGEN na maneno W. GERMANY au WEST GERMANY ni cha kati ya mwaka 1949 na 1990, kwa sababu nchi hiyo ilikuwepo miaka hiyo tu.

Kusafisha. Hapa, Mwalimu, nakuomba unisikilize kuliko pote.

Nilipokuwa kijana nikijifunza kazi, mzee mmoja aliniletea kisu chenye weusi na kutu kidogo. Nikataka kumfurahisha. Nilikisugua kwa msasa, kisha msasa laini, kisha dawa ya kung'arishia shaba, mpaka nikaona meno yangu kwenye ubapa. Aliporudi alikigeuza, akafungua ubapa, akatazama shingoni. Akaniuliza taratibu: “Maandishi yako wapi?” Nilikuwa nimeyafuta. Hakunigombeza, alinilipa, akaondoka, na hakurudi tena. Mpaka leo sijui kilikuwa kisu cha nani wala cha mwaka gani, na mimi ndiye mtu wa mwisho aliyeweza kujua.

Kwa hiyo usiguse msasa, wala chuma cha kusugulia sufuria, wala jiwe la mashine. Weusi na ubuluu kwenye chuma ni umri, uache. Kutu nyekundu inayotoa unga ni adui, iondoe. Hata chuma kilichoandikwa STAINLESS hushika kutu kikiachwa na chumvi au unyevu ndani ya ala ya ngozi, usishangae. Chukua kijiti cha meno cha mbao, ukwangue uchafu ndani ya mpini na kuzunguka springi. Tia tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye viungo, ukiacha usiku mzima. Kisha fungua na kufunga polepole, ukipangusa mafuta machafu kwa kitambaa cha pamba, mpaka mafuta yatoke meupe. Ubapa ukikataa kufunguka usiukamate kwa koleo, ule mfereji wa ukucha utavunjika. Ongeza tone, ngoja siku nyingine. Kutu iliyobaki juu ya ubapa itaachia ukiisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, bila kugusa mpini. Usikiloweke. Usikichemshe. Kikiwa safi, springi ikiwa na nguvu, utasikia ubapa unafunga kwa sauti moja kavu: ta! Sisi mafundi husema kisu kimeongea.

Kusoma chapa iliyolika, usikwangue pia. Paka unga wa chaki ya darasani, ambayo wewe hukosi, upanguse juu juu, unga utabaki ndani ya herufi. Au weka karatasi nyembamba juu yake usugue kwa penseli. Au zima taa, lala na simu pembeni, mwanga upite juu ya chuma kama jua la saa kumi na mbili asubuhi linavyopita juu ya shamba. Kila kifereji kitatupa kivuli.

Yule bwana wa Kampala na shilingi zake 200,000 sitamsema vibaya, sijui anachotaka. Visu vya skauti vya Sheffield si adimu duniani, vilitengenezwa vingi sana, na mpini uliojivuta unapunguza. Mtu anayetafuta kisu cha Rodgers atapata kingine kilicho kamili zaidi ya hiki. Ila kama amekuambia ni cha mwaka 1915 na anataka ukiuze kabla ya wikiendi, ama hajui visu ama anavijua sana. Mwambie unasubiri jibu la fundi.

Na fundi hajamaliza. Kuna picha moja hukunipigia: shingo ya kifungua kopo, upande unaotazama mpini. Mara nyingine hapo kuna chapa ndogo, au mguu wa kuku uliojificha, na ukiwepo nitamwomba mjomba radhi kwa sauti kubwa. Tumia chaki na mwanga wa pembeni. Halafu muulize baba mdogo kama kuna karatasi ya babu ya kumaliza jeshi imebaki mahali, uangalie nambari yake ya uaskari inaishia na tarakimu zipi.